Jicho la Shaabani

Jumapili, Morogoro

Wengi hukosea papo hapo: damu ikichuruzika juu ya jicho, wanaifuta. Kufuta hupanua mchaniko. Inatakiwa kukandamiza pamba palepale, bila kuachia, mpaka kengele ilie.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwenye kona ya Shaabani tangu alipoanza ngumi katika klabu ya kiwanda. Kiwanda kimeuzwa, klabu imepata mfadhili, na jana, kwenye pambano, mfadhili alileta watu wake wa kona, wenye fulana mpya.

“Mwalimu, leo kaa na watazamaji,” Shaabani aliniambia huku akifungwa bendeji mikononi. “Usininunie, baba.”

Raundi ya tatu akapasuka juu ya jicho. Wakati wa mapumziko yule wa fulana akafuta, akafuta tena.

“Kandamiza! Usifute!” nilipiga kelele.

“Mzee, hili ni soko huria, kapumzike!” yule wa fulana alinijibu.

Watu wakacheka. Raundi iliyofuata, damu ikiwa imemziba jicho, Shaabani hakuiona ngumi ya kulia ikija. Amelazwa. Daktari hajui kama jicho hilo litaona tena.

Ningekuwa pale, hata kwa ile dakika moja tu...

Najiambia: nenda wodini leo, umshike mkono, na usimweleze chochote kuhusu kufuta.