Kwa Nini Sikumlilia Baba

Ngara, Nairobi

Kaka Wandera,

Salamu zikukute mzima huko Malaba, wewe na mama watoto. Mama yetu huko Bukhayo anakula? Au hujaenda kumwona? Mimi sijambo, ila kifua ni kile kile nilichorithi kwa baba.

Barua yako nimeipata. Unasema nisikanyage kwenye makumbusho ya baba, kwa sababu siku ya mazishi sikulia, nilikaa chini nikafumba macho "kama Mhindi anayesali". Ati nimebadili dini. Wandera, wewe!

Hapa ninapofanya kazi ya kupika kuna bibi kizee wa Kihindi, mama wa tajiri wangu. Kila asubuhi hutandika mkeka akanyoosha viungo, wenyewe huita yoga. Siku moja pumu ilinibana jikoni, akanikalisha sakafuni. "Nyoosha mgongo. Shusha mabega. Mkono tumboni." Akaniambia nivute pumzi polepole, nisikilize inakwama wapi, kisha niitoe taratibu zaidi. Kifua kikafunguka. Tangu hapo tunafanya pamoja kabla ya chai. Habari za mungu wake hajanitajia hata siku moja.

Basi niliposhuka Busia nikaishika njia ya kwetu, kilio kilinipanda na kifua kikaanza kupiga filimbi. Mbele ya jeneza nikajua nikipiga yowe moja tu, mtazika wawili. Ndipo nikakaa. Senje, dada ya baba, akasonya: "Huyu anafurahi." Ulimsikia, ukanyamaza. Na wewe umekua ukimwona baba akikaa vile vile mlangoni, kifua kikimshika.

Wewe ulisifiwa, ulilia tangu barabarani. Lakini Malaba na kwetu ni mwendo wa asubuhi moja. Baba aliumwa miezi mitatu. Ulikuja mara ngapi? Inaniuma, sitaficha.

Niliporudi huku, bibi alinilaza chali mkekani, akaniambia nilegeze miguu, tumbo, hata taya. Taya ilipolegea, kilio kikatoka. Nililia mpaka majirani wakagonga mlango. Bibi alinishika miguu hadi nikamaliza. Nimemlilia baba, kaka, na hapakuwa na mtu wa kwetu wa kusikia.

Nisalimie mke wako na watoto. Mama msomee barua hii yote, usiruke mahali. Senje naye msalimie, basi tu.

Makumbusho nakuja. Nitakaa pale mlangoni alipokuwa akikaa baba. Ukitaka kunitoa, nitoe mwenyewe, mama akiona.

Ni mimi mdogo wako,
Nabwire