Kijani cha Kila Asubuhi

Mtaa wa Sugatani
Jumatatu, 11 Machi

Mpendwa rafiki yangu Michie,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta umefika salama, umevua viatu, na safari ya kutoka Sapporo haikukuchosha sana. Nimeiacha mlangoni kwenu ili uisome kabla hujaenda hospitali. Nimekuwashia kipasha joto, na jikoni kuna wali na supu ya figili. Usiache kula kwa sababu ya haya nitakayokuandikia. Ukiuliza hali yangu, sijambo kwa kiasi cha mtu wa miaka sitini na saba ambaye magoti yake hulalamika kabla hajasimama. Nimechoka tu, Michie. Ni uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Mama yako leo mchana alikunywa uji nusu bakuli, akamwambia muuguzi kwamba uji ule haujui chumvi ni nini tangu uzaliwe. Nikafurahi kumsikia akisema vile. Nyonga yake inaendelea vizuri. Kinachotutia hofu ni figo, kama Daktari Murase alivyokueleza leo kwenye simu: kwamba mama hakuanguka Alhamisi asubuhi kama tulivyokuambia, bali alianguka Jumanne, akalala sakafuni siku mbili. Baada ya simu hiyo ulinitumia ujumbe mfupi. Uliniuliza, kama alikuwa sakafuni, kile kijani cha kila asubuhi kwenye simu kilitoka wapi? Ukasema ni mashine mbovu, na kwamba ukifika utamfuata yule binti wa halmashauri akueleze vizuri. Sikukujibu. Jibu lake haliingii kwenye ujumbe mfupi, na uso kwa uso nitashindwa. Nivumilie nianzie mbali, maana nikianzia mwisho nitaichana karatasi.

Unaukumbuka ubao wa mtaa, ule wa matangazo uliokuwa ukizunguka nyumba kwa nyumba. Unasoma, unagonga mhuri wako, unampelekea jirani. Tulikuwa tukigombana wewe na mimi nani aubebe. Uzuri wake sikuujua mpaka ulipoondolewa: huwezi kumpa mtu ubao bila kumwona sura. Mama akiwa shambani kwenye figili zake, mhuri nilimgongea mimi. Mhuri wake ulikaa kwenye droo yangu miaka kumi na tisa, na wangu ukakaa kwake, ili vifurushi vikija yeyote aliyepo ampokelee mwenzake. Hatukuona ubaya. Ujirani wenyewe ndio huo.

Mwaka jana halmashauri wakaufuta ubao, wakawagawia wazee wanaoishi peke yao simu zenye ile programu. Nikiri kwamba mwanzoni ilikuwa nzuri. Ukiwasha simu unakuta jua moja kubwa la njano, hakuna kingine. Unalibonyeza kabla ya saa tatu asubuhi, basi, umesema uko salama, na huko Sapporo wewe unaona kijani. Mama alilipenda lile jua. Alikuwa akiniambia, “Nalibonyeza, nalo linaniacha niendelee na mambo yangu.” Usipolibonyeza, halmashauri wanapiga simu, usipopokea, wanakuja mlangoni.

Halafu Februari, Jumatatu moja, tukaamka jua halipo. Hakuna aliyetuuliza wala kutuaga. Simu zilijibadilisha zenyewe usiku. Mahali pa jua pakajaa vitu: hali ya hewa, ratiba ya taka, mazoezi ya tetemeko, picha ya mwanasesere anayepunga mkono. Hilo la kusema uko salama likahamishiwa ndani, unabonyeza kialama cha kichwa cha mtu, kidogo kuliko punje ya mchele, unachagua jina, unaandika namba ya siri, ndipo unaulizwa una uhakika? Na pale hasa lilipokuwa jua wakaweka kitufe chekundu cha kuita gari la wagonjwa.

Mwaka huu zamu ya uongozi wa nyumba zetu nane imeniangukia mimi, na ukubwa ni jalala. Kabla sijanywa chai nilikuwa na wazee watatu kwenye kibaraza, kila mmoja ananinyooshea simu yake. “Setsuyo, jua limekwenda wapi?” Kama vile nimelificha mimi kwenye aproni! Nilitafuta jua la watu mpaka macho yakauma. Halmashauri wakamtuma binti wao, Nagai, mpole, mwenye heshima, akatukusanya ukumbini akasema toleo jipya ni rahisi zaidi kwa mtumiaji. Mzee Iwata akamjibu, “Binti yangu, mtumiaji ni mimi, na mimi sijarahisishiwa.” Watu wakacheka, na yule binti naye akacheka kidogo, kisha akainama akaomba radhi, na baadaye kwenye korido nilimwona anafuta macho. Si yeye aliyelibadilisha. Hata yeye alilikuta limebadilika.

Mama yako alikuwa ameshazoea. Kidole chake kilijua njia bila macho. Jumanne ya wiki ile kikaenda palepale kilipozoea, na baada ya dakika kumi na mbili gari la wagonjwa likaingia mtaani na king'ora. Mama alitoka na aproni, mswaki mkononi, akawainamia wale vijana mpaka nikaogopa mgongo wake. Alhamisi akakosea tena. Hakukuambia, najua. Alinunua keki za maharage matamu, akapita nyumba zote nane na kituo cha zimamoto, mlango kwa mlango, kuomba radhi kwa usumbufu. Kwangu alifika wa mwisho. Akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, akasema, “Miaka themanini na sita sijamsumbua mtu. Leo naitiwa ving'ora kama nyumba inayoungua.” Alipofika kwake aliifunga simu kwenye kitambaa akaitia ndani ya pipa la mchele.

Hapo ndipo ilipoanza ile wiki unayoijua. Kila asubuhi ikifika saa tatu kijani hakuna, halmashauri wanampigia, yeye hapokei, wanakuja mlangoni, kisha wanakupigia wewe kazini. Ulinipigia ukasema bosi wako ameanza kukuangalia vibaya, kisha ukalia kidogo, ukasema, “Dada Setsuyo, labda wakati umefika nimlete huku.” Na mimi, mdomo wangu huu, nikamwambia mama. Aliendelea kumenya figili ile ile mpaka ikabaki kama penseli. Kisha akasema, “Huko ghorofani nitakuwa kama chungu cha ua. Watanigeuza kufuata dirisha.”

Baada ya hapo kijani kikarudi. Ulinipigia kwa furaha, ukasema ulijua mama ni mkaidi na hawezi kushindwa na simu. Ukaniambia kwamba kila asubuhi kwenye treni unakitazama na moyo unatulia. Nikacheka pamoja nawe. Nilicheka, Michie.

Mama yako hajaligusa toleo jipya hata siku moja. Kijani kile kilikuwa kidole changu.

Yeye mwenyewe alinipa namba yake ya siri, ni mwaka uliozaliwa. Alinipa kama alivyonipa mhuri, na mimi nikaipokea hivyohivyo. Kila asubuhi wali ukiwa jikoni nilibonyeza jina langu kwenye simu yangu, kisha nikabonyeza la kwake. Naapa siku za mwanzo nilikuwa natazama kwanza. Nilitoka mpaka kwenye ua, nikaona pazia limefunguliwa au moshi wa samaki anayechomwa, ndipo nikabonyeza. Kisha ikawa baridi. Kisha goti. Kisha Mzee Iwata analia kwamba mwanasesere amemwambia namba si sahihi. Nikaanza kubonyeza kwanza na kutazama baadaye, na baadaye ikawa mchana, na mchana ukawa nikikumbuka. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Ndani ya wiki tatu ilikuwa imekuwa kazi ya kidole tu, kama kuzima taa.

Jumanne nilibonyeza. Wakati ule mama alikuwa ameshateleza kati ya jiko na bafu. Jumatano nilibonyeza. Jioni nikaona nguo zake bado zimeanikwa na mvua inanyesha, nikajiambia leo naye kachoka, nikafunga dirisha. Unamjua mama. Nguo za mama hazijawahi kunyeshewa. Nilijua kama ninavyolijua jina langu, na bado nilifunga dirisha kwa sababu nilikuwa nimeketi na sikutaka kusimama. Alhamisi nilibonyeza, na simu ikiwa bado mkononi nikaziona zile nguo tena, zimelowa, zinaning'inia. Nilikimbia bila viatu.

Alikuwa hai kwa akili yake mwenyewe. Alijivuta mpaka kwenye beseni alilolowekea uyoga mkavu, akawa anakunywa maji yale kidogo kidogo, na kujifunika kwa mto wa kukalia. Neno lake la kwanza lilikuwa, “Umechelewa, wewe.” La pili, nguo zimeanuliwa? Nilipopiga magoti kuomba radhi akanishika mkono. Akasema wakija tutasema nimeanguka asubuhi hii. Akasema, “Michie akijua nilikaa siku mbili, kesho nipo Sapporo. Funga mdomo, Setsuyo. Mimi nitafunga wangu.” Wale vijana wa gari walipomuuliza, akawajibu bila kupepesa, asubuhi hii hii, wanangu. Wakatazama kwenye programu, wakakuta kijani siku zote tatu. Nani angebisha? Na wewe ulipopiga ukitaka kupanda ndege siku ileile, ni mimi niliyekuambia ni nyonga tu, usihangaike, njoo Ijumaa ya wiki ijayo. Ukanishukuru kwa machozi. Ulisema kama si mimi, mama angekufa.

Jumamosi daktari aliniita pembeni. Alisema damu ya mama si ya mtu aliyelala sakafuni saa moja, misuli imebanwa muda mrefu na figo zinaumia, je, nina hakika na siku? Nikamtazama mama kitandani kwake, mama akanitazama, nikasema nina hakika. Jana miguu yake ilivimba. Leo asubuhi nilimfuata Daktari Murase kabla hajavaa koti lake jeupe nikamwambia Jumanne. Hakunikemea. Alibadilisha dawa palepale, akaandika, akasema bado kuna nafasi nzuri, ila ingefaa sana kujua tangu mwanzo. Aliuliza siku tu, hakuuliza kijani, na mimi sikuwa na nguvu ya kumwongezea. Kwa hiyo usimfuate Binti Nagai. Kesho nitakwenda mwenyewe halmashauri nikawaambie, na uongozi wa mtaa nitaurudisha.

Mama bado hajui kwamba nimesema. Nimevunja ahadi niliyompa ili kuziokoa figo zake, na sasa nakabidhi nyumba yake mikononi mwako, jambo ambalo alivumilia sakafu siku mbili na kudanganya siku nne ili lisitokee. Sijui kama nimemtendea wema au nimemsaliti mara mbili. Siombi unisamehe leo. Hata ukipita mbele ya nyumba yangu bila kunisalimu, nitaelewa, nami nitaendelea kumfulia nguo na kuzipeleka hospitali mpaka uniambie niache.

Nisalimie bosi wako, Bwana Okabe, umwambie asante kwa kukuruhusu kuja upesi. Wodi ni ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani. Mama anasikia vizuri zaidi kwa sikio la kushoto. Ukifika, utataka kujua kama yuko salama, kama anataka kubaki huku au kuondoka nawe, kama ananichukia. Ketini wawili tu, umuulize yeye, na usubiri mpaka ajibu, hata akichelewa. Mimi nimeshamjibia vya kutosha.

Rafiki yako wa tangu utoto,
Setsuyo