Wingu Asiloliamini Mkwe Wangu

Jumamosi jioni, Izia, huku juu Ufipa. Mvua haijapumzika tangu asubuhi.

Naogopa.

Nieleze kwa utaratibu. Kueleza ndiyo kazi niliyoifanya darasani mpaka nikastaafu, na labda kutanituliza. Binti yangu Felista ameolewa na Masanja, au Baba Kulwa, mfugaji, kule Mtowisa bondeni. Nyumba yao iko jirani na mto, na mto ule unashuka kutoka huku kwetu juu. Ndiyo maana bondeni jua linaweza kuwaka huku maji yako njiani tayari.

Mchana nilituma kwenye kundi la familia, la kwenye simu, picha iliyopigwa na setilaiti: wingu jeupe limeifunika Ufipa yote. Nikaandika wahame kabla ya giza. Felista akajibu: "Shikamoo baba. Baba Kulwa anasema hizo ni za kutengeneza, kama zile za mwezini. Na huku kweupe kabisa."

Zile za mwezini!

Wiki iliyopita Masanja alileta kundini video inayodai hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga mwezi. "Mzee, kule hakuna upepo. Bendera inapepea vipi?" Swali zuri. Nikamjibu kwamba bendera ile ilitandazwa kwa kijiti cha juu, na ikishatikiswa hakuna hewa ya kuituliza upesi. Hakukubali. Nikaeleza tena, na tena, na kila nilipoeleza shemeji zake walizidi kucheka. Mwanangu wa mwisho, Joakimu, akaandika: "Shemeji, setilaiti haikamuliwi, hiyo tuachie sisi."

Masanja akajitoa kundini. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Kwa desturi yetu, jambo zito kati ya mtu na mkwewe hupitia kwa mshenga, hata ndoa iwe na wajukuu. Mshenga hulichuja neno, akalifikisha bila mwiba. Kwenye kundi hakuna mshenga. Kila neno linafika na miiba yake, tena shemeji wakitazama.

Basi nikaenda mtaa wa Kizwite kwa Deusi, katekista, aliyekuwa mshenga wa ndoa yao. Nilifika nimelowa chapachapa, nikaanza kumweleza setilaiti inavyoona mawingu kutoka juu. Akanikatiza.

"Mwalimu, hayo weka kando. Unataka nimwambie nini?"

"Mwambie naogopa."

Sikuwa nimewahi kumwambia mkwe wangu neno hilo. Nilimpa hoja tu.

Deusi akapiga simu, akaweka sauti ya nje. Akamwambia Masanja hivyohivyo: baba mkwe wako anaogopa. Masanja akasema, "Mshenga, picha siziamini, hapo sijahama. Ila siwezi kumwacha baba mkwe alale na hofu. Nakusanya ng'ombe na watoto, tunakwenda kwa kaka yangu kilimani."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Deusi akacheka: "Umeona? Miaka yote unafundisha, kumbe dawa ni kuomba."

Nilikuwa nimekaribia kufika nyumbani nilipokumbuka kaka yake anakaa wapi.

Ng'ambo ya mto.

Mimi, mwalimu wa jiografia, sikuuliza wangepita njia gani. Daraja hakuna pale, ni kivuko cha mawe tu. Maji ya mvua hii yakiwawahi kivukoni, hawatayaona yakija, maana kwao kungali kweupe. Na kama wangebaki nyumbani, angalau wangekuwa upande mmoja wa mto, wakiwa na kichuguu cha kupanda maji yakifika.

Nimepiga kwa Felista. Hapatikani. Kwa Masanja, hapatikani. Deusi naye anajaribu. Joakimu amekaa pembeni yangu, anapiga tena na tena. Leo hana utani.

Nilitaka sana mkwe wangu anisikilize. Sasa amenisikiliza, ametoka na wajukuu zangu, na mimi ningetoa chochote ili awe amekataa.

Wamevuka?