Sonata ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 6 Oktoba
Kanzu tatu nimezimaliza kabla ya adhuhuri. Saa kumi kwa Bi Lidia, mwalimu wangu, na fidla yangu, kama kila Jumatatu kwa miaka sita. Nyumba imejaa maboksi. Magoti yamemshinda, mwanawe anamrudisha kwao Italia. Jumapili hii. Kinanda chake kishauzwa. Anataka jambo moja tu: Jumamosi nimpigie ile sonata yetu yote, mwanzo hadi mwisho. Nimekubali. Njiani nimelia.

Jumanne, 7 Oktoba
Eti sonata ya mtu mmoja. Uongo mtupu. Chini ya fidla kuna besi, sauti nzito inayoibeba. Watunzi wa zamani zile, miaka mia tatu nyuma, waliandika mstari wa besi na tarakimu ndogo, basi; mpigaji ajaze sauti nyingine mwenyewe. Bi Lidia alikuwa akinijazia kwa kinanda. Bila besi, sonata yangu ni koti lisilo bitana.
Mtaa wetu wote wa Shella namjua mtu mmoja wa kujaza. Baba. Naye hajagusa nyuzi za udi wake tangu Mama afariki. Mama ndiye aliyekuwa mwimbaji wa kikundi chao cha taarabu. Miaka miwili udi uko juu ya kabati.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemwomba. Kanywa kahawa yake yote kwanza. "Vidole vishakufa, mwanangu." Nikamjibu kuwa vidole havifi, huachwa. Sikupaswa. Ni babangu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Asubuhi nimekuta udi mkekani, umefutwa vumbi. Nimeleta fidla.
Noti hasomi, kwa hiyo nimemwimbia besi kipande kwa kipande. Kufikia magharibi kaishika yote. Nampenda mzee huyu. Ila sehemu ya polepole, kila tukifika pa kurudia, ananyamaza. Namwambia asisimame. Anasema, "Haya." Anasimama.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baada ya sala tumerudia mara saba. Mara saba kasimama. Nimeweka fidla chini kwa hasira.
Shangazi Zuhura, dadake Baba, kanivuta jikoni. "Muache kakangu. Hapo ndipo alipokuwa akingoja mamako atunzwe."
Nimeelewa. Watu walikuwa wakiinuka katikati ya wimbo kumtunza Mama kwa pesa na maua, na Baba akinyamaza mpaka warudi kukaa. Miaka arobaini. Mkono ushazoea. Nimeona haya, nimekwenda kumtengezea chai ya tangawizi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Sebuleni kwa Bi Lidia vimebaki viti vichache. Majirani zake watatu, Wataliano. Shangazi. Baba na kanzu niliyomshonea Idi.
Sehemu ya kwanza nimekosea noti mbili. Si neno. Ya polepole, pa kurudia, Baba kanyamaza. Safari hii nilikuwa tayari. Nikaivuta noti yangu, ndefu, peke yangu.
Shangazi kainuka. Kaja kwa madaha yake yote, kanibandika kikuba, kishada cha asumini, kifuani. Jirani mmoja kamwashiria akae. Nikatamani ardhi ipasuke.
Mara Bi Lidia kashika mkongojo. Kainuka kwa magoti yale yale. Hatua, kupumzika, hatua. Maua hakuwa nayo. Kachomoa nyweleni penseli nyekundu, ile aliyonisahihishia miaka yote sita, kanichomekea kwenye mtandio. Kisha safari ya kurudi kitini. Baba hakugusa uzi. Kamngoja mpaka kakaa sawasawa. Ndipo besi ikaingia.

Jumapili, 12 Oktoba
Gari limepita saa mbili. Nimepunga mkono mpaka kona. Sijashona.

Jumatatu, 13 Oktoba
Saa kumi ikafika, sina pa kwenda. Nimekaa mbele ya cherehani, mikono mapajani.
Baba katoka chumbani na udi, kaketi mkekani. "Leo si siku yako?"
Nimeleta karatasi za sonata. Kwenye sehemu ya polepole, pa kurudia, nimeandika kwa penseli nyekundu: ngoja.