Bafle sita na sikio la mama mkwe

Jumapili, Katoyi, mtaa wetu hapa Goma. Asubuhi mvua, mchana jua, na umeme haujakatika tangu saa nne. Nina furaha ambayo mtu wa umri wangu huwa haitangazi. Naitangaza.

Kompyuta ya nyumbani, ileile tunayotazamia mpira na filamu, sasa inatoa sauti pande zote za saloni, sebuleni kwetu. Bafle, yaani spika, tatu mbele, mbili nyuma, na moja ya besi chini ya meza.

Nimefanya kazi ya redio zaidi ya miaka ishirini, na sauti ndiyo inayonilisha. Lakini kazi hii ya bafle sikuianza kwa ajili yangu.

Mama mkwe wangu, Mama Kavira, anaishi nasi tangu macho yake yalipozimika. Mwanzoni alikuwa anakaa nasi saloni na kuuliza: nani ameingia? Nani anapigwa? Watoto walimjibu mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu wakanyamaza. Mwezi uliopita akaacha kuja. Tukiwasha filamu, anabaki chumbani na mlango wake umefungwa.

Hakulalamika. Hilo ndilo lililonisumbua.

Jana nilifunga nyaya. Nyuma ya kompyuta kuna matundu matatu: la kijani kwa bafle za mbele, jeusi kwa za nyuma, la rangi ya chungwa kwa ile ya katikati pamoja na besi. Nikawasha. Zote zililia, ila zote zilisema kitu kilekile. Hiyo ni kelele mara sita, basi. Kosa lilikuwa kwenye mipangilio: kompyuta iliamini ina bafle mbili tu. Nikaiambia sita, nikatafuta filamu iliyorekodiwa kwa njia sita, kila bafle na sauti yake, nikaitazama robo saa. Safi kabisa, nikasema.

Haikuwa safi.

Leo baada ya misa mke wangu, Masika, akamshika mama yake mkono, akamleta. Sauti zote sita hukutana mahali pamoja tu, na mahali hapo pana kiti changu.

"Miye nikae ku kiti ya mukwe?" akasema Mama Kavira. "Munataka watu waseme nini?"

Akageuka kurudi chumbani. Nikakiondoa kiti changu haraka, Masika akaweka cha jikoni palepale. Mama mkwe akakipapasa mgongo, akahakikisha ni cha jikoni kweli, akakaa.

Nikawasha filamu ileile ya jana. Dakika tatu hazijaisha.

"Masika, uliza Papa Gloire. Huyu mutu anasemea nyuma yangu juu ya nini? Anajificha nani?"

Mimi ndiye Papa Gloire, na nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Ndivyo tunavyoongea, yeye na mimi: kwa heshima, maneno yanapitia kwa Masika.

Nikainama nyuma ya kompyuta. Plagi nyeusi na ile ya chungwa nilikuwa nimezibadilishia matundu. Waigizaji walikuwa wanaongea nyuma kushoto, na ndege wa msituni walikuwa wanalia mbele. Jana sikugundua kitu, kwa sababu nilikuwa natazama midomo, na macho yakaipeleka sauti pale midomo ilipo.

Miaka ishirini ya redio!

"Mwambie anisamehe," nikamwambia Masika.

"Amesikia. Anacheka."

Nikazirekebisha plagi, filamu ikaendelea. Kwenye kioo kulikuwa na barabara tupu. Mama Kavira akainua kidole, akaonyesha nyuma ya bega lake la kushoto, akakileta mbele polepole. Hapo ndipo lori likaingia kwenye picha, upande uleule.

"Kamio," akasema. "Iko na mizigo ya nguvu. Musikie vile inalia ku mupando."

Nusu ya maisha yake alisafiri juu ya malori ya maharagwe, yakipanda milima kati ya Butembo na Goma.

"Koko, iko bule, haina kitu!" binti yangu Gloire akambishia bibi yake. "Turubai imelala kabisa."

"Imejaa."

Dakika kumi baadaye turubai likafunuliwa. Masanduku ya vyuma, mali ya wizi, yamepangwa sakafuni mwa lori mwanzo hadi mwisho. Ndiyo ilikuwa siri ya filamu nzima. Watoto wakapiga kelele. Mimi pia.

"Mama! Unatuharibia filme!" akalia Masika.

"Miye niko nasikia tu. Nyinyi benye macho, mulikuwa munaangalia nini?"

Filamu ilipoisha hakuinuka. Aligeuza uso upande niliokuwa, na safari hii swali halikupitia kwa mtu.

"Papa Gloire, iko ingine?"

Ninazo tatu, zote za njia mbili. Hazimfai. Kesho, kabla sijaingia kazini, natafuta ya njia sita.

Na kiti changu nitakiweka wapi?