Dawa za Baada ya Chakula

Mjukuu wangu Wanjiru, uko aje huko shuleni Loitokitok? Sisi hapa Kitengela nyumba imekauka, na mamako anakusalimia. Na usicheke: mimi binamu yako nilipewa jina la guka, yaani babu yetu, kwa hivyo mimi ni guka yako, hata kama sina ndevu.

Umeuliza kama ni kweli nilifanya kazi na wanajeshi wa ng'ambo baada ya mafuriko. Kweli kabisa! Madaktari wao walikosa mkalimani, na Kizungu changu cha darasa la saba kiliwatosha kikabaki.

Siku moja shosho Wambui, bibi kizee jirani yetu, aliwarudishia dawa zake za kifua. "Mliniambia nimeze baada ya chakula. Chakula kilienda na maji. Sasa nimeze baada ya nini?"

Nilipotafsiri, daktari aliinamisha kichwa. Mgeni ndiye aliyeona aibu! Mheshimiwa wetu, yule mbunge, alikuwa kwa hema la wageni akitafuna mbuzi, na unga wetu wa msaada ameufungia stoo mpaka watu wa kamera wafike. Hadi leo nikikumbuka nachemka.

Shosho aliingia kwenye hema hilo, akavuta sahani ya mheshimiwa, akaanza kula.

"Shosho, hiyo ni yangu!"

"Ngoja nimalize, kijana. Halafu uniletee maji ya kumeza dawa."

Wanajeshi wote walikuwa wanamtazama mheshimiwa. Akaleta.

Guka yako,
Kamau