Kapasita ya Mama Marta

Kwako Nasri, mume wangu,

Huku Ngaramtoni sisi wazima, ila baridi imezidi. Kapasita, vile vipuri vya umeme ulivyovifuata Dar, zimeadimika mjini kote, na zikipatikana bei haishikiki. Jana Mzee Yoeli alileta dukani kwetu mashine ya oksijeni ya mkewe, Mama Marta. Kapasita ilikuwa imeungua.

"Mwanangu, mwenzangu anahema kwa shida," aliniambia.

Nilifungua televisheni yetu, nikatoa kapasita yake, nikaifunga kwenye mashine. Baadaye akapiga simu kusema mkewe amepata usingizi.

Sasa nyumba iko kimya, na kimya hicho kinanikumbusha wewe. Najua huko Dar unasubiri bei ya vipuri ishuke. Usisubiri tena, Nasri. Rudi, hata mikono mitupu.

Ni mimi wako,
Zakia